Nuru na Kivuli Usoni



Pambo la uso ni la zamani kuliko kioo, kwani kabla ya kioo palikuwa na maji ya mtungini, na maji nayo humwonyesha mtu sura yake. Lakini pambo ninalokusudia kulizungumza leo si wanja wala hina, wala ile poda ya kawaida iliyomo katika kila nyumba. Ni lile ambalo mabinti zetu hufanyiwa saluni siku ya harusi, na sasa hata siku ya maulidi na siku ya kupiga picha tu, na wenyewe hulita kontua. Kazi yake ni hii: hupakwa rangi iliyokoza kuliko ngozi chini ya mfupa wa shavu, pembeni mwa pua, chini ya taya na kandokando ya paji, kisha hupakwa rangi nyeupe kidogo au yenye kung'aa juu ya mfupa wa shavu, juu ya mgongo wa pua na katikati ya paji. Ukitazama karibu utaona mistari. Ukirudi nyuma hatua tatu, pua imekuwa nyembamba, mashavu yameingia ndani, taya imechongoka. Uso ule ule, mifupa ile ile, bali jicho limeambiwa jambo jingine.

Watu huniuliza, "Ni halali au haramu?" na hutaka jibu la neno moja. Jibu nitalitoa, inshaallah, lakini kwanza nakuomba unifuate tuone jambo hili limetoka wapi, kwa sababu mlango wake wa kwanza umo katika vitabu vyetu wenyewe, na mlango wake wa mwisho unapita mahali ambapo watu wa pwani hatupendi kupakumbuka.

Alizaliwa Basra, yapata mwaka 965 wa Masihi, mtu aitwaye Al-Hasan bin al-Haytham. Alihamia Misri zama za khalifa Al-Hakim, na wanahistoria husimulia kwamba alijifanya mwendawazimu ili asalimike na ghadhabu za mtawala yule, na Al-Hakim alipokufa akakaa karibu na Msikiti wa Al-Azhar akipata riziki yake kwa kunakili vitabu. Huyu ndiye aliyeandika Kitab al-Manadhir, kitabu cha elimu ya kuona, chenye sehemu saba. Kabla yake walikuwapo wenye hikima waliodai kwamba jicho hutoa miali ikaenda kukigusa kinachotazamwa. Yeye akabainisha kwamba nuru ndiyo inayotoka kwenye kitu ikaingia jichoni. Na katika sehemu ya pili akahesabu mambo 22 ambayo jicho huyatambua: nuru, rangi, umbali, umbo, ukubwa, na mengineyo mpaka kivuli, giza, uzuri na ubaya. Moja katika hayo ni mwili wa kitu, yaani unene wake na kuinuka na kubonyea kwake. Jicho halina mkono wa kupapasia. Basi hujuaje kwamba hapa pameinuka na hapa pameingia? Hujua, pamoja na dalili nyingine, kwa nuru na kivuli. Kilichoinuka hupata nuru, kilichobonyea hubaki na kivuli, na akili hupima kwa haraka mno hata mwenyewe asijue kama amepima.

Sasa angalia. Ikiwa hukumu ya jicho husimama juu ya nuru na kivuli, basi mwenye kutengeneza nuru ya uongo na kivuli cha uongo ataitengeneza na hukumu. Ibn al-Haytham aliliona hilo, na sehemu nzima ya tatu ya kitabu chake ameiweka kwa makosa ya jicho. Humo amewataja wachoraji, namna wanavyouchora ubao laini ukaonekana una manyoya ya mnyama. Kitabu hicho kilifasiriwa kwa Kilatini yapata mwaka 1200, kisha kikapata tafsiri ya Kitaliani, na mchongaji wa Florence, Lorenzo Ghiberti, akanukuu humo kwa wingi alipoandika juu ya sanaa yake katika karne ya 15. Baada ya hapo wachoraji wa Italia wakaifanya nuru na kivuli kuwa ufundi wao mkubwa. Simaanishi kwamba sheikh yule wa Basra ndiye aliyevumbua vipodozi vya saluni, Mungu apishe mbali. Nasema kanuni ambayo fundi wa saluni anaitumia bila ya kuijua, mtu wetu aliiandika yapata miaka elfu moja iliyopita, na aliiandika katika mlango wa namna jicho linavyokosea.

Ulaya ile ile, usoni hawakutumia kivuli bali weupe. Wanawake wa kifalme na wa kitajiri walijipaka unga wa risasi, madini ya risasi yaliyounguzwa kwa siki, kwa muda wa karne nyingi. Unga ule ulikuwa mweupe na unashika vizuri, na ulikuwa sumu. Ngozi ikiharibika huzidishwa unga kufunika palipoharibika. Maria Gunning, mke wa bwana mkubwa wa Coventry huko Uingereza, mwanamke aliyesifiwa kwa uzuri nchi nzima, alikufa mwaka 1760 akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu, na watu wa zama zake waliutaja unga ule kuwa ndiyo sababu.

Kivuli kiliingia usoni kwa njia ya michezo ya kuigiza. Taa za jukwaani ziliwekwa chini, miguuni mwa waigizaji, na nuru inayotoka chini hugeuza kila kitu: kivuli kilichotakiwa kuwa chini ya nyusi hupotea, na cha chini ya kidevu hufutika. Taa za gesi zilipoenea baada ya mwaka 1817, na kisha umeme, ambao jumba la Savoy la London lilikuwa la kwanza kuutumia kote ndani mwaka 1881, nuru ilikuwa kali hata uso wa mwigizaji ukaonekana bapa kama sahani. Watu wa viti vya nyuma hawakuona macho wala mashavu. Kwa hiyo waigizaji wakavichora vile vivuli vilivyofutwa na taa. Mjerumani mmoja, Ludwig Leichner, mwimbaji wa opera, alianzisha kiwanda Berlin mwaka 1873 akauza rangi za mafuta katika vijiti vilivyotiwa nambari, na sifa yake kubwa ni kwamba hazikuwa na risasi. Tumpe haki yake, maana aliwanusuru wengi na sumu.

Kisha ikaja sinema. Fundi Max Factor, mzaliwa wa Poland iliyokuwa chini ya Urusi, aliyehamia Marekani mwaka 1904, alitengeneza mwaka 1914 rangi laini ya mafuta kwa ajili ya kamera, kwani ile ya jukwaani ilikuwa nzito na ikipasuka usoni. Na filamu za zama zile zilikuwa na tabia ya ajabu: hazikuuona wekundu. Shavu lililopakwa wekundu lilitoka jeusi kwenye picha, kama shimo. Kwa hiyo waliotaka shimo wakapaka wekundu! Filamu zilipobadilika na taa zikabadilika miaka ya 1920, rangi nazo zikabadilishwa, na kufikia mwaka 1938 Factor alikuwa akiwauzia wanawake wa kawaida madukani kile kilichokuwa cha waigizaji. Kuanzia hapo njia ilikuwa nyeupe. Mwaka 1997 Mmarekani Kevyn Aucoin alitoa kitabu chake cha kufundisha ufundi huo, nacho kilisomwa sana. Mwaka 2012 mwanamke wa televisheni ya Marekani, Kim Kardashian, alionyesha picha ya uso wake ukiwa na mistari ile kabla haijasuguliwa, na picha ikazunguka dunia kwa simu. Muda si muda mistari ile ikafika Mombasa, Unguja, Tanga na Lamu.

Nakuomba uangalie jambo moja katika msafara huu wote. Kivuli cha usoni kilitengenezwa kwa ajili ya mtu aliye mbali: mtazamaji wa kiti cha nyuma, au kamera. Hakikutengenezwa kwa ajili ya mtu anayekaa nawe mkeka mmoja.

Pambo la pwani yetu halikuwa hivyo. Bibi zetu walikuwa na wanja, na wanja wa ithmid umesifiwa na Mtume (s.a.w.) katika hadithi ya Ibn Abbas (r.a.) kwamba unasafisha macho na kuotesha kope. (Lakini tahadharini na wanja wa madukani leo. Mwingi si ithmid bali ni risasi iliyosagwa, na haufai kabisa kwa macho ya watoto wachanga.) Walikuwa na hina, na dalia ya manjano, na liwa iliyosagwa juu ya jiwe kwa maji ya waridi ikapakwa uso mzima. Ngazija mpaka leo utamwona mwanamke anakwenda sokoni na liwa yake usoni mchana kweupe, wala hajifichi. Hapana aliyemwona mwanamke mwenye liwa akadhani kwamba hiyo ndiyo rangi yake aliyozaliwa nayo. Pambo lile lilisema wazi, "Mimi ni pambo." Nalo huoshwa, na chini yake uso hutoka laini na wenye harufu nzuri. Somo aliyemfunda mwari alimfundisha kusaga liwa, na kuifukiza nguo kwa udi, na kuusinga mwili. Hakumfundisha kuchonga pua.

Tuje sasa kwenye vitabu vya fikihi, na hapa ndipo niliposema patauma. Kila aliyesoma darsa za pwani ameupitia Minhaj wa Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra, sawa na 1277. Katika mlango wa biashara, baada ya kuhukumu juu ya mwenye kumfunga ngamia au mbuzi chuchu ili maziwa yajae siku ya kuuza, ameunganisha na hila nyingine za namna hiyo: kuyazuia maji ya mfereji au ya kinu kisha kuyaachia mnunuzi anapokuja, kuupaka uso wekundu, kuzitia nywele weusi na kuzikunja. Zote hizo humpa mnunuzi khiyari ya kurudisha. Wanafunzi wangu wakifika hapo husoma haraka wakapita. Mimi huwasimamisha nikawauliza: uso wa nani? Maana mbuzi hapakwi wekundu mashavuni.

Uso ule ni wa mtumwa anayeuzwa. Tabibu wa Baghdad wa karne ya 11, Ibn Butlan, aliyekuwa Mkristo, aliandika risala nzima ya kuwatahadharisha wanunuzi wa watumwa, akazitaja hila za madalali: mashavu ya manjano wanavyoyafanya mekundu, nyuso zilizokonda wanavyozifanya nene, mabaka na alama za ndui wanavyozificha. Ndugu msomaji, sanaa ya kuubadilisha uso kwa rangi ili mtazamaji akosee hukumu yake, kwa wenzetu ilikuwa ya jukwaani, na kwetu ilikuwa ya sokoni.

Wala hapana haja ya kwenda Baghdad. Mwaka 1811 nahodha Mwingereza, Thomas Smee, alifika Unguja akaandika aliyoyaona katika soko la watumwa. Ameeleza kwamba walitolewa jioni, miili imesafishwa na kung'arishwa kwa mafuta ya nazi, nyuso zimechorwa mistari myekundu na myeupe, wamevishwa vikuku vya dhahabu na fedha, kisha wakapangwa safu na kutembezwa. Mapambo yale si yao, na rangi ile hawakuitaka. Mwenye kuwapamba ndiye mwenye kuwauza. Soko lile la Unguja lilifungwa kwa mkataba alioutia saini Sayyid Barghash mwezi wa Juni 1873. Wako wasemao kwamba Mwingereza ametia chumvi. Kama ametia au hakutia, soko lilikuwapo, na waliouza na walionunua walikuwa na tasbihi mikononi. Tusifiche.

Na mafakihi walipoandika hukumu ile, walimtazama mnunuzi: haki yake imepunjwa, basi arudishiwe fedha. Hiyo ni hukumu ya biashara na ni sahihi kwa mlango wake. Ila mwalimu anaposoma leo na vijana, haimkatazi kitu kuuliza habari za yule mwenye uso.

Je, hukumu hii inaingia katika ndoa? Kijana mmoja alinijia, nikahi yake haijatimiza mwezi, akaniambia, "Sheikh, mimi nimeghushiwa. Uso niliooa siuoni nyumbani." Nikamuuliza kama alikwenda kumtazama binti yule kabla ya kuposa, kama Mtume (s.a.w.) alivyomwamrisha Al-Mughira bin Shu'ba (r.a.), akasema alimwona katika picha za simu, na siku ya nikahi. Nikamweleza kwamba ndoa si mbuzi wala mfereji. Aibu ambazo kwazo ndoa hufutwa katika madhehebu yetu zimehesabiwa, kama vile wazimu, ukoma na mbalanga, na pua pana haimo. Aliyeacha kutazama alipopewa ruhusa ya kutazama asimlaumu mwingine. Akarudi kwake hali hajaridhika.

Siku chache baadaye yule binti alikuja kwa mke wangu. Hakulalamika juu ya mumewe, alilalamika juu ya siku ile. Yeye alitaka wanja na hina tu. Shangazi zake ndio waliosema kwamba pua yake haitapendeza kwenye picha, wakamkalisha saa tatu mbele ya fundi, na alipojitazama kiooni hakujiona. Akasema, "Walimpamba mtu mwingine kwa mwili wangu."

Haramu ni nini hapa, na halali ni nini? Kupamba kwa ajili ya wachumba si haramu kwa asili yake. Subay'a al-Aslamiyya (r.a.) alifiwa na mumewe, akajifungua, nifasi ilipokwisha akajipamba kwa ajili ya wachumba, na katika baadhi ya riwaya imetajwa kwamba alijitia wanja na hina. Abu al-Sanabil akamkemea kwamba eda haijesha. Akaenda kwa Mtume (s.a.w.) kuuliza, na Mtume akamwambia eda yake imekwisha alipozaa, na akamruhusu aolewe akitaka. Hakumkemea kwa wanja wake. Lakini mwanamke aliyekuja kumwuliza juu ya binti yake, bibi arusi aliyepukutika nywele kwa maradhi, kama amwungie nywele nyingine, alimkataza. Tofauti ya wawili hawa ndiyo mizani yetu. Wanja na hina ni pambo linalojulikana kuwa ni pambo. Nywele za kuunga hujifanya ni nywele.

Basi mimi nasema hivi. Mke kwa mumewe, ndani ya nyumba yao, kwa ridhaa yake, hana ubaya: mume ameshaujua uso, hapana anayeghilibiwa, na wanavyuoni wetu wameutaja hata wekundu wa mashavu kuwa wafaa kwa idhini ya mume. Asiye na mume, wanavyuoni wa madhehebu yetu wamemkazia katika wekundu huo, na kivuli hiki kimezidi wekundu. Siku ya kutazamwa na mchumba aoshe uso, atazamwe alivyoumbwa, na wazazi wa mume waje na heshima zao. Hadithi ya lundo la nafaka, ambalo Mtume (s.a.w.) alitia mkono akakuta ndani mna majimaji, inatosha kuwa dalili. Kutoka nayo njiani mbele ya watu baki, hilo limeshakatazwa na aya ya pambo katika Suratun-Nur, na si kwa kontua peke yake.

Na enyi shangazi na mama, neno lenu liko pembeni. Fundi akichora, huchora pua ya nani? Si ya bibi yako wala ya babu yako. Kipimo cha pua nyembamba kimekuja na zile zile filamu nilizozitaja, na binti mweusi aliyekalishwa kitini husuguliwa mpaka apate pua ya mwigizaji wa California. Watengenezaji wenyewe walichelewa hata kuwatambua: ilikuwa mwaka 2017 kampuni moja ya Marekani ilipotoa rangi 40 za ngozi kwa pamoja, tangu weupe mpaka weusi uliokoza, na ikawa habari dunia nzima. Kabla ya hapo wengi wa binti zetu walipakwa rangi ya majivu.

Limebaki suala la udhu, na hili huulizwa kila msimu wa harusi. Rangi ya mafuta ni kizuizi, maji hayafiki kwenye ngozi, na udhu juu yake hausihi. Bibi arusi akipambwa saa tisa, ana alasiri, magharibi na isha mbele yake, na harusi haikumwondolea hata moja. Atawadhe kwanza, asali alasiri katika wakati wake, ndipo akae kitini. Akiweza kuulinda udhu wake mpaka isha, atasali na uso wake uliopambwa na sala yake ni sahihi, maadamu kilichopakwa ni tohara. Ukimtenguka, aifute. Maji peke yake hayaitoi. Achukue kitambaa na mafuta ya nazi kidogo, asugue taratibu tangu paji mpaka kidevuni, kisha aoshe kwa sabuni, kisha atawadhe, na fundi, ikiwa bado yupo, atampaka tena ikiwa bado anataka.